Aliyenichelewesha Njia ya Kibondo

Sinywi pombe. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila ninaposimulia kisa hiki hakosi mtu wa kuuliza siku ile nilikuwa nimekunywa nini. Nilikunywa chai ya rangi, vikombe viwili, asubuhi, Kasulu, nikashushia muhogo wa kuchemsha. Wala haikuwa usiku. Nani aliyewaambia watu kwamba wafu hungoja giza? Wangu mimi alinijia saa sita mchana, kiangazi, jua la utosi, barabara imekuwa nyeupe kwa vumbi. Ukitaka kuniita mwongo niite, ila nisikilize mpaka mwisho kwanza.

Miaka ile ya sabini nilikuwa fundi magari mjini Kasulu. Kwetu ni Heru Juu, mwendo wa miguu tu kutoka mjini. Niliajiriwa na mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Bwana Seif, ambaye babu yake alitoka pwani na yeye mwenyewe alikuwa bado anaongea kama mtu aliyeshuka jana. Alikuwa na duka la vitu vya jumla na pikapu moja ya petroli. Fundi wa pikapu hiyo nilikuwa mimi, na dereva wake nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nisikufiche, nilikuwa na majivuno. Mafundi tulikuwa wa kuhesabika wakati ule. Ukifungua boneti watu wanasimama mbali kidogo, wanashusha sauti, wanakutazama wewe tu. Hiyo inamharibu kijana, niamini.

Basi pikapu ile ikapata ugonjwa. Asubuhi ikiwa ya baridi inaunguruma vizuri, huwezi kuisingizia lolote. Ukiendesha saa moja, hasa ukianza kupanda mlima, inaanza kumisi. Inakohoa, inashtuka, inapiga mlio kwenye bomba la moshi, halafu inazima katikati ya njia. Ukisubiri inawaka tena kana kwamba hakikutokea kitu.

"Fundi wee, gari hili lina mkono wa mtu," Bwana Seif aliniambia. "Nimlete mtu alizingue?"

Nikacheka. Nikamwambia hakuna jini hapo, hapo kuna joto. Petroli inachemka ndani ya pampu, inageuka mvuke, injini inakosa chakula. Dawa yake nilikuwa nayo: unalowesha tambara, unaifunga pampu, unamwagia maji mengine juu, unangoja kidogo, unawasha. Na gari liliwaka. Kila mara liliwaka. Bwana Seif akanisifu kwa wenzake barazani, nami nikatembea wiki nzima na dumu la maji nyuma ya kiti nikijiona daktari.

Ngoja nikueleze kosa langu lilikuwa wapi, maana bila hilo hutaelewa yaliyonipata. Injini ya petroli inataka petroli na inataka cheche ya moto. Cheche inatengenezwa kwenye distribyuta. Humo ndani mna platini, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Hizo ndizo zinazojua injini imefikia wapi katika kuzunguka kwake, na zikiachana tu, cheche inaruka kwenye plagi. Ubavuni mwa platini mna kikopo kidogo, hakifikii kidole gumba, tunakiita kondensa. Kikiwa kizima, platini haziungui na cheche inakuwa kali. Kikifa, injini nayo inakufa.

Je, nilikagua cheche? Nilikagua, tena zaidi ya mara moja. Lakini nilikagua lini? Baada ya kumwaga maji na kungoja. Kila mara nilikuta cheche ya buluu, nzuri, nikafunga nikasema umeme hauna neno. Nilikaa na kosa hilo wiki tatu bila kuliona, na wiki tatu hizo zote watu walikuwa wananisifu.

Siku yenyewe nilitumwa Kibondo na mzigo wa chumvi na sabuni. Nilifurahi kwa sababu njiani, ng'ambo ya mto Malagarasi, ndiko kulikokuwa kwa wakwe zangu, na mke wangu Yusta alikuwa huko. Alikuwa na mimba ya kwanza, na uzazi wa kwanza mwanamke huenda kwa mama yake. Nilijua siku zake zimekaribia. Nikanunua sukari kilo moja, nikaifunga vizuri, nikaondoka.

Nilifika saa nne asubuhi. Nilijua kuna jambo kabla sijashuka, kwa sababu hakuna aliyetoka kunipokea. Yusta alikuwa na uchungu tangu jana mchana. Mkunga wa kijiji, mama mmoja mnene mwenye mikono safi, alinijia uani akaniambia bila kuzunguka kwamba mtoto amelala vibaya tumboni, yeye amefika mwisho wa anachokijua, na kama sitampeleka mke wangu hospitali ya Kibondo leo, nitazika wawili. Baba mkwe, Mzee Bernado, hakuwepo. Alikuwa amekwenda vijiji vya jirani kutafuta vijana wa kubeba machela.

Tulishusha nusu ya mzigo, tukatandika godoro la majani juu ya magunia ya chumvi yaliyobaki, tukamlaza Yusta. Mama mkwe akapanda nyuma kumshika. Nikajaza dumu langu maji ya gari, nikawasha.

Hapa inabidi nikueleze kitu kingine. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Humkaribii, humtazami usoni, hupiti pale alipokaa, na neno lako kwake linapitia kwa mtu mwingine. Ni heshima, na mimi nimelelewa nayo. Kwa hiyo yeye alijifunika khanga kichwani akanipa mgongo, nami nikakaa mbele peke yangu nikitazama barabara. Sikuwahi kugeuka.

Gari lilizima mara ya kwanza baada ya nusu saa. Nikaruka, nikamwaga maji, nikangoja, nikawasha, tukaenda. Likazima mara ya pili. Nikamwaga maji tena. Nyuma nilimsikia Yusta akilia kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyeanza kuchoka, na nikakazana zaidi na pampu. Nilikuwa nasali na kutukana kwa pumzi moja. Mara ya tatu likazima kwenye kilima chenye mahame, mahali ambapo watu waliishi zamani kabla hawajahamishiwa vijijini. Migomba ilikuwa imebaki yenyewe imekauka, na kuta za udongo zimekatika nusu. Hakuna mtu anayeishi pale. Nilikuwa nimeshapita mara nyingi, najua.

Nilifungua boneti. Dumu lilikuwa limebaki na maji kidogo, pengine vikombe vitatu. Nililiinua nimwage, na nikasikia mtu ananisalimu.

"Mwakeye."

Ni mwanamke. Alisimama ukingoni mwa barabara, mkubwa kwangu kwa miaka michache, amejifunga kaniki iliyochujuka begani, mikononi hana jembe wala kikapu. Nikaitikia huku dumu liko juu. Yeye akapiga magoti nusu, akaanza kupiga makofi ya salamu, yale ya taratibu ya kwetu Buha, na akaanza kuuliza. Nimeamkaje? Wa nyumbani wameamkaje? Baba yangu ni nani? Mama je? Ng'ombe wapo? Maharage tumevuna? Mihogo imeshika? Na majirani wa mama yangu, wa juu na wa chini?

Wewe mgeni utasema ningemwambia "samahani dada, nina haraka," yakaisha. Humjui Muha. Ukimkatiza mtu salamu umemwambia kwamba si mtu. Hata hivyo nilitaka kumkatiza, naapa nilitaka. Nilifungua kinywa kusema nina mgonjwa, na kilichotoka kilikuwa majibu ya salamu. Nikaweka dumu chini. Nikajikuta nimeinama, napiga makofi, namjibu moja baada ya jingine, mpaka habari za shangazi yangu aliyeolewa Kasanda ambaye sikuwa nimemkumbuka mwaka mzima.

Katikati ya salamu ndipo nilipoanza kuona. Kwanza, makofi yangu yalilia, yake hayakulia. Viganja vilikutana mbele ya macho yangu, na hakuna sauti. Pili, nilitazama chini kwa heshima, nikaiona miguu yake. Kiangazi kile sisi sote tulikuwa vumbi mpaka magotini. Miguu yake ilikuwa safi. Nikatazama nilipokuwa nimesimama, nikaona nyayo zangu, na alipopiga goti hapakuwa na alama.

Akamaliza kwa kunishika mkono juu ya kiwiko, kama ilivyo desturi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu kubwa la moto. Ulikuwa wa baridi, saa sita ile mchana, baridi ya jiwe la kusagia alfajiri. Nywele zilinisimama. Ungekimbia? Ningekimbia wapi? Mke wangu alikuwa pale.

"Sasa washa," akasema.

"Sijamwaga maji," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Washa."

Nikachomeka hendeli ya kuwashia mbele ya injini, nikaizungusha mara moja. Likawaka.

Nilisimama na ile hendeli mkononi. Bila maji! Basi maji hayakuwa dawa. Dawa ilikuwa muda. Wiki tatu nzima nilikuwa nimewapa maji sifa ya kazi iliyofanywa na kungoja. Ni kweli pampu nayo ingepoa kwa kungoja, kwa hiyo hilo peke yake halikunionyesha ugonjwa uko wapi. Lilinionyesha tu kwamba sijui nilichokuwa nakijua.

Nikafunga boneti haraka nitoke pale. Akanitazama.

"Litazima tena mlima unaofuata," akasema. Hakuongea kwa ukali. Aliongea kama dada anayekuona unavaa shati upande usiofaa. "Una gari linaumwa, na una mwanamke anaumwa. Umemuuliza nani?"

"Gari nimelikagua. Cheche ni nzima."

"Ulilikagua lini?"

"Likishapata nafuu," nikasema, na nilipojisikia nikisema vile nikaona haya mpaka masikioni.

"Nani anamsubiri mgonjwa apone ndipo amuulize panapouma? Na mkeo je? Yeye umemuuliza lini?"

Sikuwa nimemuuliza. Tangu tuondoke, zaidi ya saa moja na nusu, sikuwa nimesema na Yusta neno hata moja. Nilikuwa naongea na injini. Nilijitetea moyoni kwamba mama mkwe yupo, siwezi kusogea. Yule mwanamke akatikisa kichwa tu. Nikafungua boneti tena, nikaliacha gari linaunguruma, nikazunguka nyuma nikiwa nimeinamisha uso. Mama mkwe akajikunja pembeni ajifiche.

"Yusta," nikasema, "unataka nini?"

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alinitazama kama mtu anayetazama kutoka mbali.

"Maji," akasema.

Sikumwelewa mara moja.

"Maji, mume wangu. Tangu gari lilipozima mara ya kwanza. Kibuyu alichobeba mama kiliisha. Mama alinikataza nisiombe, alisema maji ni dawa ya gari, yakiisha tutafia hapa."

Jamani. Nimefanya makosa mengi maishani, lakini lile silitafutii mwenzake. Mke wangu alikuwa amelala juu ya chumvi, jua la kiangazi, ana uchungu siku ya pili, na mimi nilikuwa napita na dumu mbele ya uso wake kwenda kulimwaga juu ya chuma. Na mama yake aliyaona yale maji yakimwagika mara mbili akanyamaza, kwa sababu mimi ni fundi na fundi anajua. Nililia. Sioni aibu kukuambia nililia pale pale. Nikaleta dumu, nikamwinua kichwa, akanywa vikombe vile vitatu mpaka vikaisha. Yule mwanamke alikuwa amekuja amesimama miguuni pa Yusta, kimya, anamtazama akinywa. Uso kama ule sikuwahi kuuona kwa mtu mwingine. Alikuwa anameza pamoja naye.

Kabla sijashusha dumu, gari likakohoa. Likashtuka, likapiga mlio mmoja kwenye bomba, likazima.

Maji hayapo. Sasa ilibidi niwe fundi kweli. Nikakimbia mbele, na safari hii sikugusa pampu. Nikachomoa waya wa plagi nikausogeza karibu na chuma cha injini. Lakini nani azungushe hendeli wakati mimi naangalia? Nilitazama nyuma.

"Yusta," nikaita, "mwambie mama..."

"Mwambie mwenyewe!" Yusta akapiga kelele, ndiyo, yeye na hali yake ile.

Basi nikamwambia. "Mama, naomba unisaidie."

Nikaona khanga inafungwa kiunoni. Mama mkwe akashuka, akaja mbele uso umetazama porini, akashika hendeli. Nikamwonyesha, bila kumtazama, aweke kidole gumba upande mmoja na vingine ili hendeli ikirudi isimvunje. Akazungusha. Mikono iliyolima mihogo miaka thelathini, usiichezee. Akaizungusha injini vizuri kuliko nilivyoizungusha mimi.

Na cheche? Ilikuwa nyembamba, nyekundu, inaruka mara moja na kukosa mara mbili. Ile ile niliyokuwa naikuta ya buluu kila siku! Nikafungua kifuniko cha distribyuta, nikamwomba azungushe tena. Platini zilipoachana zilitoa moto mkubwa zenyewe kwa zenyewe, zikiungua, na moto huo ndio ulikuwa haufiki kwenye plagi. Nikagusa kondensa. Iliniunguza kidole. Ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka. Ndiyo hiyo tu, wiki tatu.

Nilikuwa nayo kondensa nyingine? Sikuwa nayo, ningeibebea nini wakati nilishasema umeme hauna neno? Nilikaa chini kwenye vumbi dakika moja nimeshika kichwa. Ndipo nikaikumbuka redio. Bwana Seif alikuwa amefungiwa redio ndani ya pikapu kwa ajili ya taarabu zake, na ili isipige kelele wakati gari linakwenda, aliyeifunga aliweka kikopo kidogo kwenye dainamo kumeza ule mlio. Kikopo hicho ni ndugu wa kondensa. Hawalingani sawasawa, lakini kwenye shida nani anauliza ukoo? Nikakifungua, nikaitoa ile iliyokufa, nikaunga waya kwenye platini, na kikopo chenyewe nikakifunga kwa nje kwenye chuma, mbali na joto, kwa kipande cha waya nilichokata kwenye gunia la chumvi.

"Zungusha, Mama."

Likawaka. Nikalipa mafuta, likaitika. Nikaliacha lichemke kwa makusudi, halikukohoa hata mara moja.

Nikageuka nimshukuru yule mwanamke. Hakuwepo. Upande huu mahame, upande ule majani yaliyoungua, hakuna hata kichaka cha kumficha sungura.

"Amekwenda wapi?" nikauliza.

"Nani?" Mama mkwe alikuwa anapanda nyuma.

"Yule mwanamke niliyekuwa nasalimiana naye."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu mama mkwe akanitazama usoni. "Mwanangu," akasema, "ulikuwa umeinama barabarani unapiga makofi peke yako. Nilidhani jua limekupiga. Nilifunika uso nisione aibu ya mkwe wangu."

Yusta aliniambia baadaye, Kibondo, kwamba alipokuwa anakunywa alimwona mtu miguuni pake akimeza mate.

Tulifika hospitali kabla ya saa tisa. Walimpokea mbio, wakampasua, na jioni nikaitwa. Mtoto wa kike, mdogo, mwenye hasira. Yusta alikuwa mzima. Nilikaa nje ukutani, nikamchekea kila aliyepita.

Mzee Bernado alifika kesho yake asubuhi kwa miguu, na vijana wake wanne wenye machela isiyo na mtu. Alimwona binti yake, akamwona mjukuu, akaja akaketi nami pale ukutani ambapo ndugu wa wagonjwa hupikia. Nikamsimulia yote. Nilipofika kwa yule mwanamke, aliacha kutafuna.

"Mkono wa kushoto," akasema, "ulikuwa na kovu la moto?"

Sikuwa nimemwambia habari ya kovu.

Akaweka chakula chini, akaniambia. Yule alikuwa Tereza, mke wa kaka yake, na boma lao lilikuwa pale pale kilimani. Alishikwa na uchungu kama wa Yusta, miaka ishirini na zaidi iliyopita, wakati wa mkoloni, na vijana wakamweka kwenye machela kumpeleka Kibondo. Mzee Bernado alikuwa mmoja wao. Walikuwa wanne wa kubeba na wanne wa kupokezana, wote wenye nguvu, na walitaka kuvunja sifa ya wabebaji wa kijiji jirani. Walimfunika shuka kwa ajili ya jua, wakainua, wakakimbia. Walikimbia wakiimba, kama ilivyo kawaida ya wabeba machela, wimbo wa kupokezana, ili hatua zisipotee. Walipandisha kile kilima kwa nyimbo.

"Aliinua mkono," Mzee Bernado akasema. "Pale pale kilimani. Mimi nilikuwa nyuma, niliuona mkono ukitoka kwenye shuka. Nikadhani anafukuza inzi. Nikaendelea kuimba."

Walipofika na kufunua shuka, Tereza alikuwa amekwisha kuwa wa baridi. Njia yote ile hakuna aliyemuuliza kitu. Walimrudisha wakamzika karibu na boma lake, na baba mkwe hakuwahi kuimba tena, hata kanisani.

Wiki ya pili niliwarudisha nyumbani, Yusta na mtoto mbele pamoja nami, wazee nyuma. Redio ya Bwana Seif ilikuwa inanguruma kuliko injini, na aliniteta miezi mitatu kwa ajili yake. Tulipofika kile kilima, Mzee Bernado akagonga paa la gari. Nikasimama.

Alishuka peke yake. Akaenda mpaka penye majani, akavua kofia, akapiga magoti, mzee mzima, akaanza salamu. Alisalimu zote. Aliuliza ameamkaje, aliuliza habari za upande wake, alipiga makofi, na sauti ya makofi yake tu ndiyo iliyosikika. Kisha akasema kwa sauti, sote tukasikia:

"Shemeji. Siku ile uliinua mkono. Ulikuwa unataka nini?"

Akangoja. Nami niliingojea ile sauti, nilikaza masikio mpaka yakauma. Hakuna aliyejibu. Jua lilikuwa kali na mtoto alianza kulia, lakini hakuna aliyemwambia mzee tuondoke. Alikaa pale magotini mpaka mwenyewe alipochoka, akanyanyuka, akapanda gari, nikawasha.

Hayo ndiyo yaliyonipata. Nimekuwa fundi miaka mingi tangu hapo, na gari likiletwa kwangu limepoa naliambia lirudi likiwa linaumwa. Wenye magari wananiona nina kichaa. Mimi kwenye kilima kile sipiti bila kusimama, hata niwe na haraka gani, na sijamwona tena. Lakini wewe huenda utamwona. Ukisalimiwa pale mchana na mwanamke mwenye kaniki, usimkatize. Mjibu zote.

Na ukibeba mgonjwa, njia iwe fupi iwe ndefu, simama mara moja, mfunue uso, muulize. Usiogope kuchelewa. Baba mkwe wangu na wenzake hawakuchelewa. Mpaka leo hakuna machela iliyofika Kibondo mapema kama ile.